UMEIFOKASI DARUBINI KWA NYOTA AU KWA TAA YA MTUMBWI?



Ndugu zangu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mnaonisoma kwenye simu mkiwa ndani ya boti la kutoka Kibirizi. Leo sisemi ndoa wala mirathi. Leo nina neno juu ya mota moja ndogo, bei yake haifiki bei ya jogoo, na juu ya mzee mmoja niliyemvunjia heshima mbele za watu kwa sababu ya mota hiyo. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kubonyeza kidole gumba.

Wengi mnajua kwamba hapa Mwamgongo tuna darubini. Aliileta mpwa wangu anayefanya kazi Maskati, ikashuka Dar es Salaam, ikapanda gari mpaka Kigoma, kisha ikaletwa kwa boti imefungwa kwenye godoro. Lenzi yake ina upana wa milimita 80, na urefu wake wa kukusanya mwanga ni milimita 500. Si kubwa. Kwa nyuma hatuweki jicho, tunaweka kamera, na picha inatoka kwenye kompyuta ili watu kumi waone kwa pamoja badala ya kusukumana.

Na mahali petu Mwenyezi Mungu ametupa neema. Ziwa lote liko magharibi yetu. Hakuna mti wala ghorofa mbele ya macho, ni maji tu, na ng'ambo ni milima ya Kongo. (Neno dogo kwa wanaofuturu haraka: jua kujificha nyuma ya mlima wa Kongo si kuzama. Nimelisema hili kila Ramadhani na nitalisema tena.) Wavuvi wetu wa dagaa wanaujua mwezi kuliko sisi wenye vitabu, maana mbalamwezi ikiwaka taa zao hazina kazi, nyavu zinaanikwa, na nyumbani hakuna hela. Mtu ambaye riziki yake imefungwa na mwezi kwa miaka arobaini, huyo anajua kuutazama.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa jioni ya tarehe 29 Mfungo Sita, tunautafuta mwezi wa Mfungo Saba. Mwezi usio na saumu wala Idi, lakini mimi nina desturi ya kuutafuta kila mwezi, ili Shaabani ikifika tuwe na mkono uliozoea. Tulikuwa ufukweni, darubini imesimama, kompyuta imewashwa kwa betri ya sola, vijana wa madrasa wamejaa. Jua likazama. Tukaelekeza mahali panapotakiwa, kamera ikapiga picha moja baada ya nyingine. Kioo cha kompyuta kilionyesha anga la rangi ya chungwa, tupu.

Mzee mmoja, mvuvi wa zamani, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi. Akanyoosha kidole akasema, "Ule pale, juu ya pengo la milima miwili." Vijana wakatazama kompyuta, hakuna kitu. Mmoja akacheka. Mzee akarudia. Mimi, na Mwenyezi Mungu anisamehe, nikasema kwa sauti ya mimbari: "Mzee wangu, darubini haikuona. Inaona mara nyingi zaidi ya jicho lako." Watu wakacheka tena. Mzee akanyamaza, akachukua bakora yake, akaenda zake kabla hatujasimama kuswali.

Jioni ya pili tulirudi. Mwezi ulikuwa juu, kila mtoto anauona. Tukaelekeza darubini ili tuupige picha. Ndugu zangu, kilichotokea kwenye kompyuta si hilali, ni kitu kama kipande cha unga wa ngano kilichokanyagwa. Kinene, hakina ncha, hakina ukingo. Nikamwambia kijana anayeshika kompyuta, zungusha mota. Akaipeleka ndani kidogo kidogo. Baada ya hatua 200 na kidogo, ule unga ukajikusanya, ukawa hilali yenye ncha mbili kali kama ndoana.

Moyo ukanidunda. Nikamwambia, leta picha za jana. Tukazifungua, tukaongeza ile tofauti ya mwanga na giza mpaka mwisho. Na pale, juu ya pengo la milima miwili, mahali alipoonyesha mzee, palikuwa na ukungu mwembamba mweupe uliopinda. Mwezi ulikuwepo. Kamera ilikuwa inautazama. Sisi ndio tuliokuwa tumeiwekea macho ya mtu aliyelewa.

Nini kilitokea? Hapa ndipo ninapotaka kuwafundisha, maana misikiti mingine nayo imeanza kupewa darubini, na vijana wananiuliza namna ya kufunga mota ya fokasi.

Fokasi ni nini? Lenzi inakusanya mwanga na kuufikisha mahali pamoja nyuma yake. Kamera ikiwa pale pale, nyota inakuwa nukta. Kamera ikiwa mbele au nyuma ya pale, nyota inakuwa duara, na hilali inakuwa unga. Kwa darubini kama yetu, uwazi wa kukosea ni kama moja ya kumi ya milimita tu. Unene wa karatasi. Ndiyo maana nyuma ya darubini kuna bomba linaloingia na kutoka, na kigurudumu cha kulizungusha. Shida ya kigurudumu ni mkono. Ukikigusa, darubini nzima inatikisika, picha inacheza, na unasubiri itulie ndipo ujue umeboresha au umeharibu. Ukikiacha, hujui ulikuwa wapi. Mota inaondoa hayo mawili: inazungusha bila kuguswa, na inahesabu. Leo upo hatua 6,140, kesho unarudi 6,140.

Mota yetu aliifunga fundi redio wa Ujiji akishirikiana na mwalimu mmoja wa fizikia. Ni ile mota ya volti 5 inayoitwa 28BYJ-48, ambayo kwenye viyoyozi hugeuza mapezi ya kutoa upepo. Ina gia ndani, na ikiendeshwa kwa nusu hatua, mzunguko mmoja kamili ni hatua 4,096. Tulipopima kwa rula ya fundi, hatua 1,000 zilisogeza bomba milimita 4. Kwa hiyo hatua moja ni sehemu 4 za elfu za milimita, na ile nafasi yetu ya moja ya kumi ya milimita ni kama hatua 25. Hesabu hii ifanye mwenyewe kwa darubini yako, usichukue ya kwangu. Mtu anayetumia mota bila kujua hatua yake ni kubwa kiasi gani ni sawa na anayepima mchele kwa kopo asilojua ujazo wake.

Kuifunga kwenyewe kuna vituko. Tulitoa kigurudumu cha upande mmoja, shafti ikabaki wazi, tukaiunganisha na shafti ya mota kwa kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki. Ilifanya kazi, tukafurahi. Kumbe mpira unajisokota: mota inahesabu hatua thelathini na bomba halijatikisika hata kidogo. Tukaondoa mpira, tukachongesha kiungo cha shaba Kigoma mjini. Halafu kikatuzingua kile kishikilio cha bati tulichofungia mota. Kilikuwa chembamba, kwa hiyo badala ya mota kuzungusha shafti, mota ilijizungusha yenyewe. Tukaweka bati nene lililokunjwa pembeni, skrubu nne, ikatulia. Na skrubu ndogo zinazobana shafti, zibane juu ya ubapa wa shafti, si juu ya mviringo, na uzikague kila mwezi. Zikilegea, mota itakuambia imefika na bomba liko pale pale.

Hapa kuna jambo ambalo vijana hawalitii maanani. Mota hii haijui iko wapi. INAHESABU TU. Umeme ukikatika katikati ya safari, au mtu akigusa bomba kwa mkono, ile namba kwenye kompyuta inabaki vile vile na haina ukweli tena. Kwa hiyo kila mkitandika darubini, sukumeni bomba mpaka mwisho wa ndani, muiite hapo sifuri, ndipo muanze kuhesabu kwenda nje. Na wekeni mpaka wa juu kwenye programu, mota isije ikasukuma bomba mpaka lidondoke na kamera yake. Kamera yetu ilinusurika kwa sababu mtoto aliidaka.

Halafu kuna ulegevu wa gia. Ukigeuza mota kutoka kwenda nje ikaanza kwenda ndani, hatua za mwanzo zinapotea bure, meno ya gia yanatafutana. Kwetu ni kama hatua 40. Angalia: nafasi yetu ya kukosea ni hatua 25, na ulegevu ni 40. Kwa hiyo namba hiyo hiyo 6,140 ukiifikia ukitokea nje na ukiifikia ukitokea ndani, ni mahali pawili tofauti, na pamoja panakuwa wazi na pengine pana ukungu. Dawa yake ni kufika daima kwa upande mmoja. Sisi tunatoka nje kupita kiasi, mpaka 6,240, ndipo tunarudi ndani mpaka 6,140. Tumechagua kumalizia kwenda ndani kwa sababu darubini ikitazama juu, kwenda ndani ni kuinua kamera, na meno ya gia yanakuwa yamebanana kwa uzito wake. Mota ikishindwa kuinua, punguza mwendo wake, au punguza uzito wa kamera. Usiipige makofi kama redio.

Na joto. Bomba la alumini la nusu mita husinyaa kama sehemu 12 za elfu za milimita kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua. Hizo ni hatua tatu. Darubini iliyoshinda chini ya bati ndani ya nyumba, ukaitoa saa kumi na mbili jioni kwenye upepo wa ziwa, inaweza kupoteza nyuzi kumi wakati watu wanatawadha. Hatua 30 zimekwenda, nawe hujagusa kitu. Itoe alasiri, iweke kivulini, izoee hewa. Kivulini, narudia. NA KIFUNIKO CHA LENZI KISITOKE MPAKA UKINGO WOTE WA JUA UMEPOTEA. Jua likiingia kwenye darubini huku jicho la mtoto liko nyuma yake, jicho limekwenda, na hakuna hospitali ya kulirudisha. Mimi huongeza dakika tano juu ya hapo, na sijali nani ananiona mwoga.

Sasa turudi kwenye ile jioni. Mota ilikuwa imefungwa vizuri. Skrubu zimebanwa. Sifuri imewekwa. Namba ilikuwa kwenye daftari: 6,348. Tatizo lilikuwa nini?

Usiku wa kuamkia siku ile kulikuwa na mawingu. Vijana walitaka kupima fokasi, nyota hakuna. Wakaelekeza darubini kwenye taa ya mtumbwi wa dagaa uliokuwa umetia nanga kama mita mia tatu kutoka ufukweni. Taa ikawa kali, safi, hata nyaya zake zinaonekana. Wakaandika namba kwenye daftari: "Fokasi, 6,348." Basi. Hawakuandika fokasi ya nini.

Lakini kitu cha karibu na kitu cha mbali havikutani mahali pamoja nyuma ya lenzi. Taa ya mita 300, kwa lenzi ya milimita 500, inakutana zaidi ya robo tatu ya milimita nyuma ya mahali inapokutana nyota. Piga hesabu: milimita 500 mara 500, gawanya kwa milimita laki tatu, unapata 0.83. Kwa hatua zetu ni 208. Ndizo zile hatua 200 na kidogo tulizorudi ndani jioni ya pili! Hata taa ya kilomita moja inakosea robo ya milimita, mara mbili na nusu ya ile nafasi yetu yote. Ziwani hakuna taa ya mtumbwi inayofaa kuitwa mbali kwa kazi hii, labda ile usiyoiona.

Na robo tatu ya milimita inafanya nini kwa hilali? Inaitawanya nukta kuwa duara lenye upana kama moja ya thelathini na tano ya uso mzima wa mwezi. Hilali ya siku ya kwanza yenyewe ni nyembamba kuliko hapo, mara nyingi nusu yake au pungufu. Mwanga ule ule mchache umemwagwa mahali mara mbili au mara tatu zaidi, juu ya anga ambalo bado linang'aa. Jicho la mzee, lenye fokasi aliyoiumba Mwenyezi Mungu, liliona uzi. Kamera yetu iliona hewa.

Sisi tuliosoma hadithi tunajua kwamba habari haikubaliwi mpaka tuulize imetoka kwa nani, naye kaipata kwa nani. Namba ile kwenye daftari haikuwa na sanad. Ilikuwa habari ya mtu asiyejulikana, na mimi imamu, ninayewafokea vijana kila siku wasisambaze maneno ya WhatsApp bila kuuliza asili yake, niliipokea kwa sababu ilitoka kwenye mashine.

Mtaniuliza, kwa nini msifokasi pale pale juu ya mwezi wenyewe? Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Wenzetu wanaopiga picha nyota usiku wana programu inayofanya fokasi peke yake: mota inasogea hatua kadhaa, kamera inapiga, programu inapima ukubwa wa nyota, inasogea tena, mpaka inachora mchoro kama herufi V na kuchagua chini ya V. Ni kazi nzuri. Lakini jioni ya mwandamo hakuna nyota bado, na hilali ndiyo hiyo hujaiona. Utafokasi nini? Huwezi kuifokasi darubini kwa kitu ambacho hutakiona mpaka uwe umeshaifokasi. Kwa hiyo fokasi lazima iwe imepatikana kabla, juu ya kitu cha mbali cha kweli, na mota irudi pale pale kwa uaminifu.

Tumieni nyota ya usiku uliotangulia. Suhaili ikiwa angani ndiyo rafiki yetu wa huku kusini, ile ile ambayo mabaharia wa pwani waliifuata. Au Shiira, iliyotajwa katika Suratun Najm, hiyo ndiyo inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Au Rijl, mguu wa Jabbar, ambayo Wazungu wanaiita Rigel na neno wamelichukua kwetu. Kateni boksi gumu liwe kifuniko chenye mistari iliyokatwa pande tatu kwa mtindo aliobuni Mrusi mmoja, Pavel Bahtinov. Ukikiweka mbele ya lenzi, nyota inatoa michirizi mitatu, miwili ikipishana kama herufi X na wa tatu ukipita. Mchirizi wa tatu ukikaa katikati kabisa, fokasi imepatikana, na ukiegemea upande, bado. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuhukumu. Kisha toeni kifuniko hicho, kusahau ni rahisi. Na jueni namba hiyo ni ya kamera hiyo tu. Mzee mwenye hamu akitoa kamera aweke jicho, namba imekufa.

Huo ndio ufundi. Sasa rai yangu, na atakayepinga apinge kwa hoja.

Kuna ndugu zetu wanaosema darubini isikanyage kabisa kwenye mwandamo. Nawaheshimu, lakini siwafuati. Ibn al-Haytham wa Basra aliandika juu ya mwanga na kuona miaka elfu iliyopita, sisi si wageni wa vioo. Na kuna vijana wanaosema tukishapata kamera, jicho la mzee limestaafu. Hao ndio wanaonitia hofu zaidi, kwa sababu jioni ile nilikuwa mmoja wao.

Kamera inaweza kupita jicho, hilo ni kweli. Tarehe 8 Julai 2013 Mfaransa Thierry Legault aliipiga picha hilali mchana kweupe, katika dakika ile ile mwezi unapopita karibu na jua na mwezi mpya wa hesabu unapoanza, ukiwa nyuzi kama nne na nusu tu kutoka kwenye jua. Mfaransa mwenzake wa zamani, André Danjon, alikuwa amekadiria miaka ya 1930 kwamba chini ya nyuzi 7 hivi hilali haionekani. Picha ya Legault ilitumia mwanga mwekundu uliopita uwezo wa jicho, na kinga ya kuzuia jua. Hakuna binadamu angeuona mwezi ule. Kwa hiyo mimi sikubali picha ya namna hiyo ianzishe mwezi wetu. Tumeamrishwa kuona, na picha iliyochujwa na kompyuta kutoka kwenye mwanga ambao jicho halikupewa, kwangu si kuona. Kamera ituelekeze mahali, kisha jicho litafute.

Lakini kinyume chake ndicho kilichonifanya niandike. Watu wanajihadhari na darubini inayosema "nimeona", hawajihadhari na darubini inayosema "sikuona". Na hii ya pili ndiyo rahisi kuwa ya uongo! Ili darubini ione, mambo yote yawe sawa: mahali, hewa, fokasi, joto, skrubu. Ili isione, inatosha moja kuharibika, tena kimya kimya, bila kelele wala taa nyekundu. Wanachuoni wa misingi ya fiqhi walishatuambia kwamba anayethibitisha hutangulizwa juu ya anayekanusha, kwa sababu wa kwanza ana elimu ambayo wa pili hana. Nimeisomesha kanuni hiyo mara ngapi? Na ufukweni nikamtanguliza mkanushaji, eti kwa kuwa ana betri.

Ingekuwa 29 Shaabani je? Ni juu ya neno langu kijiji kingelala bila nia, na asubuhi watu wangekula mchana wa Ramadhani, huku aliyeuona mwezi amekaa nyumbani kwake amechekwa.

Basi hapa Mwamgongo tumeweka sharti, na nawaomba wa Ujiji, Kigoma mjini na kwingineko mlifikirie. Darubini ikisema haikuona, neno lake halisikilizwi mpaka itoe shahidi wake. Bila kugusa mota, bila kugusa kamera, tunasubiri nyota ya kwanza itokeze, tunaelekeza kwake, tunapiga picha kwa namba ile ile iliyotumika kutafuta mwezi. Nyota ikiwa nukta, tunaandika: tulitafuta hatukuona. Nyota ikiwa duara, tunaandika: hatukutafuta. Na picha ya nyota inawekwa pamoja na ripoti inayopelekwa Kigoma. Mtu mwadilifu aliyeona kwa jicho anaulizwa maswali yale ya siku zote, ameona wapi, ncha zimeelekea wapi, umekaa kwa muda gani, na anaulizwa KABLA ya kuonyeshwa kompyuta.

Jirani zetu wa Gombe wanatukumbusha kila siku. Jane Goodall alifika pale Julai 1960 na darubini ya macho mawili, akakaa mlimani miezi akitazama kabla ya kumwona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa. Angerudi wiki ya kwanza akasema "hawafanyi", nani angembishia? Alikuwa na darubini.

Nilikwenda kwa mzee. Nilikwenda mchana, kupitia njia ya sokoni, ili walionicheka naye waone ninakwenda. Nilimwomba radhi na nikamwonyesha picha mbili kwenye simu, ule ukungu na ile hilali. Alizitazama sana, ile ya ukungu zaidi. Akasema, "Sheikh, mimi sikukasirika kwa sababu ya darubini yako. Nilinyoosha kidole na wewe hukugeuza shingo."

Sikuwa na la kujibu. Nilikunywa chai yake nikarudi.

Jumamosi, inshaallah, baada ya sala ya Alasiri, tutatandika tena ufukweni kwa ajili ya mwezi mpya. Ukurasa wa daftari sasa unasomeka hivi: "6,140. Nyota Suhaili. Joto 24. Kumalizia ndani. Kamera ile ile." Mwenye tochi aizibe kwa karatasi nyekundu. Kiti cha mzee kitakuwa mbele, mahali ambapo kompyuta haimkingi, na amesema akipata nafasi atakuja.

Wabillahi tawfiiq.